Nyuki Hawashuki Kwenye Chai

“Nani kati yenu amekula ndizi leo?”

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu. Niliinua mkono peke yangu kati ya watu kumi na mmoja. Nilikuwa nimezinunua Narok kupitia dirisha la matatu, nikazila zote kabla hatujafika Mulot, kwa sababu kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na baridi hututia njaa sisi watu wa Pwani. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Akanielekeza kwenye mtungi wa maji. Nikasukutua, nikanawa mikono hadi viwikoni, kisha nikapewa kiti cha nyuma kabisa. Ndipo akaeleza. Nyuki akichoma huacha mwiba pamoja na harufu ya kuwaita wenzake waje wachome papo hapo, na harufu hiyo kwa pua ya binadamu ni ya ndizi mbivu. “Huyu ndugu yetu wa Mombasa,” akasema, “angefika kwenye mzinga wa kwanza, wangedhani vita vimeanza bila wao.”

Mjomba wangu aliniachia mizinga miwili chini ya mikorosho ya Kilifi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiipita kwa mbali kama mtu anayekwepa duka analodaiwa. Dada yangu anafundisha shule Bomet. Aliposikia kikundi cha wafugaji nyuki kinaendesha mafunzo ya siku tatu, ya vitendo, alinilipia kabla hajaniuliza. Ndivyo nilivyojikuta juu ya Silibwet, nimevaa sweta mbili saa nane mchana, mahali ambapo mashamba ya chai yanakoma na msitu wa Mau unaanza.

Mtu akija mara ya kwanza katika nchi hii ya Kericho na Bomet, macho hushiba upesi. Kijani kinapanda kilima, kinashuka, kinapanda kingine, kimekatwa sawa juu kama zulia. Wachumaji wamezama ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Nilimwambia mwalimu, kwa nia ya kusifu, kwamba nyuki wa huku lazima wawe na neema kubwa, wamezungukwa na mimea hivi. Hakunijibu. Alituamuru tutoke nje, tusimame nyuma ya mizinga sita iliyokuwa kando ya boma lake, hatua kama kumi na tano, tunyamaze, tutazame.

Hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza, na lilichukua saa nzima. Hatukugusa mzinga. Tulitazama mlango wa mzinga na nyuki wanaotoka: wanatokeza, wanapiga duara dogo, kisha wanachukua mkondo mmoja hewani kama wanaofuata barabara. Mkondo ulipita juu ya chai. Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Kijana mmoja mwenye bodaboda, aliyekuja na helmeti yake na hakuivua siku zote tatu, akaambiwa aende mbele ashike mkondo, nasi tukafuata kwa mguu, tukipita katikati ya mistari ya chai huku umande wa mvua ya jana ukitulowesha mapaja. “Fuata nyuki ule asali,” nikamnong’oneza jirani yangu. Mwalimu alisikia. “Wewe fuata tu,” akasema. “Asali utaila ukifika.”

Tulifika kwenye kijito kinachoteremka kuelekea mto Nyangores, ule unaokwenda kukutana na Amala ukawa mto Mara. Kando yake palikuwa na kipande cha miti ambacho hakuna aliyekipanda, upana wake labda mara mbili ya barabara. Palikuwa na *tebeswet*, palikuwa na vichaka vya *tebengwet* vyenye maua ya zambarau, na mti mmoja mkubwa wenye maua meupe yaliyoinama kama taa zilizozimwa. Huo ndio *silibwet*, ule ule uliokipa kituo cha soko jina lake, nami nilikuwa nimelitamka jina hilo kwa kondakta asubuhi bila kujua kwamba ni mti. Mti ulikuwa unavuma, wote, kuanzia chini hadi juu.

Mwalimu akamgeukia mama aliyekuwa mbele yangu, mchumaji chai wa siku nyingi, mikono yake imepigwa weusi na utomvu wa majani. “Mama, waambie maua ya chai yakoje.”

“Meupe, katikati manjano,” akasema mama. “Miaka ishirini na mbili nimechuma, maua nimeyaona kama mara tatu. Na kila mara shamba lilikuwa la watu wenye kesi.”

Watu walicheka, mimi nikahitaji kuelezwa. Chai ni mti; ukiuacha hupanda kwenda juu na kuchanua vizuri. Lakini majani mawili na chipukizi huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, na baada ya miaka mitatu minne mmea wote hukatwa chini uanze upya. Ua halipewi nafasi. Likionekana, ina maana kwamba mchumaji hajafika muda mrefu, na mchumaji huacha kufika pale ndugu wanapopelekana mahakamani kwa ajili ya urithi. Kwa nyuki, basi, kijani chote kile nilichokisifu ni sawa na bahari kwa mtu mwenye kiu. Wafugaji wa huku hawalalamikii sumu: chai hapa kwa sehemu kubwa haipuliziwi dawa za wadudu, na balaa la dawa hutoka zaidi kwenye nyanya na kabichi. Wanalalamikia njaa. Asali ya nchi ya chai ni asali ya pembezoni, ya kingo za mito, ya ua wa boma, ya msitu, ya kila mahali ambapo chai haikufika.

Na ya mikaratusi. Hili lilisemwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kulisha boila ya kiwanda cha chai. Viwanda hukausha majani kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni mikaratusi, ambayo watu huiita blugamu, iliyopandwa vilima kwa vilima kwa kazi hiyo moja. Mikaratusi huchanua, tena huchanua sana. Mzee alitazama ng’ambo ya kijito, kwenye safu ya mikaratusi iliyokatwa karibuni, visiki vyake bado vyekundu. “Kumbe miaka yote ile nilikuwa nachoma chakula chao,” akasema, si kwa huzuni kubwa, zaidi kama mtu aliyegundua kosa katika hesabu ya zamani.

Usiku nililala kwa dada yangu chini ya mablanketi matatu.

Siku ya pili ilikuwa ya useremala, na hapo niliaibika kwa namna nyingine. Chini ya turubai mwalimu alikuwa ameweka mizinga ya aina tatu. Wa kwanza ulikuwa gogo la mwerezi lililochongwa tumbo, *moingét*, ambalo yeye hulitunza kwa heshima tu maana nyuki hawamo. Wa pili ni wa fremu, uliobuniwa na mchungaji wa kanisa wa Philadelphia aitwaye Langstroth, mwaka 1851, alipotambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita kama nane hawaizibi kwa nta wala gundi, bali huifanya njia ya kupita. Wa tatu ni wetu: sanduku lenye mbavu za kuinama kama mashua, limefunikwa kwa vijiti vilivyopangwa bega kwa bega. Dunia nzima huuita mzinga wa Kenya. Ulitengenezwa hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa serikali na wataalamu wa Kanada, ukawa wa bei nafuu kuliko ule wa fremu na mwepesi wa kukaguliwa kuliko gogo.

Siri yake yote ni upana wa kijiti, milimita 32. Nyuki wa Afrika ni mdogo kuliko wa Ulaya na masega yake husongamana zaidi. Mwalimu alitugawia rula, misumeno na mbao, kila mtu akate vijiti sita. Nilipima yangu kwa makini, nikakata, nikapiga randa, nikapeleka kwa majivuno. Akavipima. Vilikuwa 35. Nilikuwa nimesahau kutoa upana wa mdomo wa msumeno, tena upande usiostahili. Nikasema milimita tatu ni nini. Akavichukua vijiti vyangu sita, akavipanga juu ya sanduku, akaweka kando yake sita vya yule mzee wa boila, vilivyokuwa 32 kamili. Tofauti ilikuwa karibu upana wa kidole. “Hapo watajenga sega la kona,” akasema, “litashika vijiti viwili. Siku ya kuvuna ukiinua kimoja unararua nyumba. Wakikujia usoni, usiwalaumu.” Vijiti vyangu viliwasha moto wa chai ya saa kumi.

Chai hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya aongee juu ya gogo. Upande wa mama yake ni Waogiek, watu wa msitu huu wa Mau, na babu yake alikuwa na mizinga ya magogo mingi kiasi kwamba kila mti ulikuwa na mwenyewe na kila mkondo wa kijito ulikuwa na ukoo wake. Babu hakuwa na vazi. Alipanda na ganda la mwerezi linalofuka moshi, akafungua gogo upande wa nyuma, mbali na mlango, kwa sababu majana hukaa karibu na mlango na asali hukaa nyuma. Alivuna kwa kalenda ya maua: silibwet kwanza, kisha mengine, na mara moja kila miaka saba hivi, ile neema ya *setiot*, kichaka cha msituni kinachochanua kote kwa wakati mmoja kisha kikafa. Wazee walihesabia umri wa watu kwa kichaka hicho.

Alitaja pia, kwa sentensi mbili, hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha: tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza fidia. Kijana wa bodaboda akauliza kama wamerudi. Mwalimu akasema muda wa mapumziko umekwisha.

Haukuwa umekwisha, lakini mvua ilimwokoa. Huku mvua ya alasiri haiombewi, huja kama gari la ratiba. Siku hiyo ilikuja na mawe. Bati liliunguruma hata tukawa tunaonyeshana kwa vidole. Mama mchumaji alisimama mlangoni, ameshika shavu, akitazama chai ya jirani ikichanwachanwa. Mimi nilitazama mizinga. Mlango wa kila mmoja ulikuwa umejaa nyuki wamekaa kimya, vichwa nje, kama abiria waliokwama kituoni.

Basi tukavuna siku ya tatu, magharibi, na kwa kuwa jana hawakutoka, walikuwa na hasira ya njaa. Mwalimu hakutuficha. Nyuki wetu, alisema tukivaa, ndio wale wale waliotia hofu Marekani: mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia Afrika Kusini na Tanganyika, mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, yakazaliana, yakapanda bara zima hadi filamu zikatengenezwa kuwahusu. “Huko wanaitwa wauaji. Hapa wanaitwa nyuki.” Akafunga suruali yangu juu ya gambuti kwa mpira wa baiskeli, akakaza wavu shingoni, akanigeuza mara moja kama mama anayekagua mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Tulichukua mzinga ulioninginizwa kwa waya kati ya miti miwili. Huninginizwa kwa ajili ya nyegere, ambaye hana haja ya mafunzo wala vazi, na waya hupakwa grisi kwa ajili ya siafu. Bomba la moshi lilikuwa na magunzi ya mahindi na majani mabichi juu. Moshi baridi, mweupe, pumzi tatu mlangoni, kisha subiri. Moshi hufunika ile harufu ya ndizi, na pia huwafanya wadhani moto umefika, wakimbilie kujaza matumbo asali wahame nayo. Nyuki aliyeshiba hupinda tumbo kwa shida. Tochi ilifungwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwa kuwa nyuki haoni rangi nyekundu.

Kijiti cha kwanza kilitoka kitupu. Cha pili kilikuwa na sega jeupe changa. Kisha ndani, kwenye kijiti cha tano au cha sita, patasi ilipobandua gundi ikatoa sauti kama ya kufungua kopo, sega likapanda juu lote, zito, limefunikwa nta toka juu hadi chini, na nyuki wamelivaa kama shanga. Sikuwa nimejiandaa kwa uzito ule, wala kwa joto. Sega la katikati ya mzinga ni la moto kama mkate. Mwalimu alinionyesha kwa ncha ya kisu: hapa asali, hapa chavua, rangi zake zimepangwa kila chumba na ya kwake, manjano, kijivu, chungwa, hapa majana, usiguse. Akafungua chumba kimoja cha dume kwa mwiba, akatoa mtoto mweupe mwenye kupe mdogo mwekundu mgongoni. Ni varoa, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2009. Ulaya huua mizinga kwa wingi; wetu, mpaka sasa, wanaishi naye wakinung’unika.

Nikapewa kisu. Kanuni ilikuwa nyepesi: kata sega lililofunikwa robo tatu na zaidi, lililo wazi lirudishe. Lakini kwenye mwanga mwekundu nta mpya na asali isiyofunikwa vilifanana machoni pangu, na nyuki kumi hivi walikuwa wakipiga wavu mbele ya macho yangu kwa sauti ambayo huisikia kwa meno. Nikakata. Nikakata lingine. Mmoja akapita mshono wa glavu, akanipata kwenye kifundo. Nilitaka kurusha mkono. “Kwangua,” mwalimu akasema bila kugeuka, “kwangua kwa ukucha, weka moshi hapo, endelea.” Nikakwangua. Nikanusa. Ndizi, wallahi.

Ndoo zilipofunguliwa nyumbani chini ya taa ndipo aibu ikawa kamili. Mwalimu aliweka tone la ndoo ya mzee kwenye refraktomita, akatazama kwa jicho moja dhidi ya taa: maji asilimia 18. Tone la mama: 18 na nusu. Langu: 22. Asali ya kuuza haifai kuzidi asilimia 20, maana ikizidi huchacha yenyewe chupani. Masega yangu mawili yalikuwa mabichi, nyuki hawakuwa wamemaliza kuyapepea maji, na kwa kuyachanganya na mazuri niliiharibu ndoo nzima. Nikaanza kuomba radhi kwa kikundi, kwa mwenyeji, nadhani hata kwa nyuki.

Mzee wa boila alikuwa ameshachukua ndoo yangu, ameifunika kwa kitambaa. “Hii si mbaya,” akasema. “Hii ni ya *kipketinik*.” Pombe ya asali, ile ya wazee, inayopikwa kwa maji na matunda ya mwegea na kunywewa siku za baraka. Alikuwa na mjukuu atakayetolewa mahari mwezi unaofuata. Mwalimu akamwambia, “Boiyo, wewe ulimwona akikata, ukanyamaza.” Mzee hakukana. Alinishukuru kwa Kikipsigis, *kongoi*, akasema vijana wa siku hizi huvuna asali iliyoiva tu, na harusi zinateseka.

Asubuhi niliondoka kupitia Litein nikielekea Kericho, nipate basi la Nairobi. Nilikuwa na chupa mbili za asali ya msimu uliopita, donge la nta lenye ukubwa wa ngumi, rula niliyopewa kwa dhihaka, na wavu wangu wa uso umekunjwa ndani ya mfuko miguuni. Matatu ilikuwa ya watu kumi na wanne na ilibeba kumi na wanane. Baada ya Litein chai ilifunga pande zote mbili, ile pana, ya mashamba makubwa yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920, haina ua wala kichaka, mpaka macho yanapokoma.

Nikasikia mvumo. Nilijua kabla sijatazama. Alitoka kwenye mkunjo wa wavu, akatembea juu ya mfuko kwa unyonge wa baridi, akapasha mbawa, akaruka. Mtu wa kiti cha mbele akapiga kelele, mama mmoja akafunika mtoto kwa leso, dereva akauliza kuna nini, kondakta akavua kofia tayari kupiga. “Usimpige!” nikasema, kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. “Ukimponda atanuka, na ile harufu itabaki na sisi mpaka Kericho. Fungueni dirisha.” Abiria kumi na saba walinitazama mimi badala ya nyuki. Lakini dirisha likafunguliwa, akapigwa na upepo, akatoka.

Nilimfuata kwa macho kadiri nilivyoweza. Alipiga duara dogo, lile lile, kisha akashika mkondo juu ya chai, chini kidogo, bila kushuka. Nikamuuliza jirani yangu mto wa karibu uko wapi. Akanionyesha mstari wa miti bondeni, mbali, kama kilomita mbili hivi, na akaniuliza kwa nini nataka kujua.